Mwalimu Qiao Shulan Avua Viatu vya Barafu

Tarehe 31 Machi 2023, Mwalimu Qiao Shulan anastaafu baada ya kuutumikia uwanja wetu wa barafu hapa Harbin kwa miaka arobaini na minne: kumi na sita akiwa mwanamichezo wa kuteleza kwa jozi, ishirini na minane akiwa kocha wa jozi. Aliingia kwa mlango wa mashariki mwezi Machi 1979, akiwa na miaka kumi na mmoja, kilo ishirini na sita, na koti la kaka yake lililomfika magotini. Anatoka akiwa na miaka hamsini na mitano, magoti yanayolia kama bawaba kavu, na sikio la kulia lisilosikia kitu.

Kamati ya jarida la uwanja iliniomba mimi, Tong Guisheng, mnoaji wa viatu, niandike wasifu wake. Nilikataa mara mbili. Nikasema waandike makocha, wao ndio wenye maneno. Mwalimu Qiao mwenyewe akaja karakanani, akaegemea mlango, akasema, "Kaka Tong, andika wewe. Na ile habari ya kabichi usiiruke."

Basi sitairuka.

Miaka ile ya mwanzo uwanja haukuwa na paa. Watoto walifanya mazoezi katika baridi ya kupasua mawe, na marehemu Kocha Luan Baochen alikataza kulia, si kwa ukali bali kwa sababu machozi yaligandisha kope na mtoto akashindwa kuona anakokwenda. Shulan alikuwa mwepesi na hakuogopa kuanguka, kwa hiyo Kocha alimtoa kwa wanaoteleza peke yao, akamtafutia mwenzi wa kuteleza naye na kumnyanyua. Mwaka 1981 akaletwa Meng Detian, mtoto wa mchochea makaa wa treni, miaka kumi na saba, viganja kama sepetu. Shulan alisimama mbele yake, kichwa kikimfika kwenye mbavu, akainua macho.

"Kaka, huko juu kuna hewa?"

"Panda ujionee," Meng akamjibu.

Akapanda, na kwa miaka tisa hakuwa na hamu ya kushuka. Wale wawili walitaniana kutoka asubuhi hadi jioni. Shulan alipenda jiaozi, vile vifurushi vya unga vilivyojazwa nyama ya nguruwe na kabichi, kuliko kitu chochote duniani, akazila akiwa amejificha ngazini kabla ya siku ya mizani. Meng akimbeba hatua mbili tu, alishajua. "Kocha," alikuwa akipaza sauti, "leo nimebeba wawili, huyu na nguruwe wake!" Kocha Luan alifoka, watu wakacheka, na Shulan akamfinya Meng sikio akiwa huko huko juu, mita mbili na nusu kutoka kwenye barafu. Kufikia 1990 walikuwa jozi ya tatu kwa ubora nchini. Shulan alikuwa na miaka ishirini na miwili. Watu walianza kusema kwamba zamu yao imefika.

Sasa habari ya kabichi.

Wasomaji vijana watanivumilia nieleze kidogo kazi yangu. Chuma cha kiatu cha barafu kina makali mawili, ya ndani na ya nje, na katikati yake kuna bonde jembamba. Makali hayo lazima yalingane. Sisi wanoaji hupima kwa sarafu: unailaza juu ya makali yote mawili. Ikitulia sawa, umemaliza. Ikiinama upande, unarudi mashineni, hata kama mgongo unakuuma na hata kama mwenye kiatu anagonga mlango.

Tarehe 20 Oktoba 1990 ilikuwa siku ya kabichi. Kila mtu wa rika langu anazijua siku hizo: lori linakuja mara moja tu kwa mwaka, kila nyumba inachukua kabichi za kuvukia majira ya baridi, na anayechelewa anaambulia majani. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mke mjamzito nyumbani, na jozi kumi na moja za viatu mezani. Ya mwisho ilikuwa ya Meng. Nilikuwa namaliza kiatu cha kushoto niliposikia sauti nje, "Lori limefika!" Sarafu ilikuwa mezani, karibu na mkono wangu. Sikuigusa. Nilimkabidhi Meng viatu vyake mlangoni, nikakimbilia foleni.

Nilikuwa nimebeba mzigo wa tatu wa kabichi nilipogundua jambo la ajabu. Muziki ulikuwa ukiendelea uwanjani, lakini mkwaruzo wa vyuma kwenye barafu ulikuwa umekoma. Nikaziangusha kabichi, nikaingia ndani.

Shulan alikuwa amelala ubavu, uso umeelekea ukuta. Meng alikuwa amepiga magoti, amekishika kichwa cha mwenzake kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika bakuli lililojaa hadi pomoni. Hakuna aliyethubutu kuuzima muziki. Waliokuwepo walisimulia kitu kimoja: Meng alikuwa amemnyanyua kwa mkono mmoja, akageuka, mguu wa kushoto ukamponyoka, mkono ukakunja. Shulan alishuka kichwa mbele.

Walipomtoa kwa machela, Meng alibaki pale pale. "Mikono yangu imemwachia," alisema. Akarudia. Kocha Luan akamvua viatu yeye mwenyewe, kama unavyomvua mtoto, akamtoa nje kwa soksi.

Viatu vilibaki kwenye benchi. Nikakichukua cha kushoto, nikalaza sarafu. Iliteleza, ikaanguka sakafuni.

Niliuangalia mlango. Hakukuwa na mtu. Nikaenda karakanani, nikakinoa upya, taratibu, sawasawa kabisa, kisha nikakirudisha benchini palepale. Kutopima lilikuwa kosa la haraka. Hili la pili nililifanya bila haraka yoyote, na ndilo linalonitoa jasho ninapoandika.

Shulan alikaa hospitali siku kumi na tisa akiwa na ufa kwenye fuvu. Sikio la kulia halikurudi tena. Madaktari walimkataza barafu kwa miezi sita, na katika miezi hiyo mimi nilinoa viatu vya watu wengine na kumwona Meng kila siku akinyanyua gunia la mchanga la kilo arobaini na mbili, uzito wa Shulan. Alilinyanyua bila taabu, akazunguka nalo uwanja mzima. Nikajipa moyo kwamba mambo yatajitengeneza yenyewe. Mwoga hakosi la kujiambia.

Aprili 1991 Shulan alirudi. Aliteleza vizuri, kana kwamba aliondoka jana. Lakini kila Meng alipomshika kiunoni kumpandisha, mikono ilifika kifuani ikasimama. Haikutetemeka wala haikuonyesha uchovu. Iligoma tu. Siku ya kwanza walicheka kidogo. Siku ya tano hakuna aliyecheka. Baada ya wiki tatu Kocha Luan alitangaza kwamba Jumatatu atawasili mwanamume mwingine kutoka Qiqihar kuwa mwenzi wa Shulan, na Meng akaandika barua ya kuomba kazi ya reli, kama baba yake.

Ijumaa hiyo niliingia uwanjani saa nne asubuhi. Walikuwa watatu kwenye ukingo, Kocha, Shulan na Meng, hawatazamani. Nilikuwa na sarafu mfukoni, nimeikamata hadi kiganja kinauma.

"Kocha Luan, si mikono yake," nikasema. "Ni kiatu. Siku ile sikupima. Makali ya kushoto hayakulingana. Halafu nikakinoa upya mtu asijue."

Kocha alinitazama kana kwamba nimeongea lugha ya kigeni. Meng aliuliza polepole, "Umesemaje?"

"Kiatu chako, Meng. Nilikimbilia kabichi."

"Miezi sita," akasema. Kisha sauti ikapanda. "Miezi sita, Tong Guisheng! Naamka naitazama mikono yangu kama mikono ya mwuaji! Mama yangu ananikatia nyama kwa sababu siwezi kushika kisu mbele ya watu! Na wewe upo hapo chumba cha pili, unanoa?"

Alivua glavu akanitupia usoni. Sikukwepa. Kocha Luan akaniambia nikakusanye vitu vyangu, nisionekane tena mahali pale. Nilikuwa nimeshageuka Shulan aliposema, "Ngoja."

Alinijia kwa upande, akinipa sikio la kushoto. "Ulimwambia nani kabla ya leo?"

"Sikumwambia yeyote. Hata mke wangu hajui."

"Kwa nini leo?"

"Kwa sababu Jumatatu anakuja mwingine."

Kisha akamgeukia Kocha. "Abaki."

"Shulan, huyu nusura akuue!"

"Najua, kichwa ni changu. Mkileta mnoaji mpya, atakuja hana hofu. Mimi nataka huyu mwenye hofu."

Nilibaki. Uongozi ulinipa adhabu ya kukwangua barafu kwa mkono miezi mitatu juu ya kazi yangu ya kawaida, na niliona nimependelewa. Mtu wa Qiqihar aliambiwa asubiri mwezi mmoja.

Nilidhani ukweli ungeifungua mikono ya Meng papo hapo. Haukuifungua. Sasa alijua hana hatia, na bado mikono ilisimama kifuani. Mwili una ukaidi wake, hausomi hukumu. Wiki mbili zilipita, kisha ya tatu. Kocha alianza kuhesabu siku kwa sauti. Ndipo Shulan alipombadilishia Meng somo.

"Usininyanyue," alimwambia kwenye korido, juu ya zulia. "Simama tu kama mti. Nitapanda mwenyewe."

Akampanda kweli, goti, nyonga, bega, kama mtoto anayepanda ukuta wa jirani. Akakaa mabegani, akatoa mfuko wa mbegu za alizeti, akaanza kula. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Maganda yalimwangukia Meng kichwani, puani, ndani ya shati. Sisi tuliokuwa tukipita tulikaza mdomo tusicheke. Meng alisimama tu, macho mbele, jasho likimtoka.

Siku ya nane ganda lilimwingia jichoni. "Shuka bwana, unanichafua!" akafoka, na bila kufikiri akamkamata kiunoni, akampandisha juu mikono ikanyooka kabisa, akamzungusha, akamtua sakafuni. Kisha akagundua alichofanya. Wote wawili walitazamana. Shulan alikuwa bado anatafuna.

"Tena," akasema. "Safari hii bila kunitukana."

Mashindano ya kuchagua jozi ya kwenda ng'ambo yalifanyika Changchun, Desemba 1991. Nilikwenda kama mnoaji wa timu, na sikulala vizuri hata siku moja ya wiki ile. Tulipofika tuligundua spika zote zimefungwa upande mmoja wa ukumbi. Shulan akipita upande wa pili, sikio lake zima lilielekea ukuta na muziki ulimpotea kabisa. Kwa jozi hilo ni hatari tupu. Akichelewa nukta moja kuruka, mwenzake anashika hewa. Wakakubaliana Meng amhesabie kwa sauti mwanzo hadi mwisho, moja hadi nane, moja hadi nane, hata akiishiwa pumzi.

Nilisimama kwenye ukingo karibu na pembe. Dakika mbili za kwanza zilikwenda kama maji ya mfereji. Nilimsikia Meng kila walipopita, "tatu, nne, tano," sauti imekauka kama kuni. Ukafika mnyanyuo, ule ule wa Oktoba, mkono mmoja, kugeuka mara tatu. Shulan alipanda. Meng akageuka mara ya kwanza, makini. Mara ya pili chuma cha kushoto kilikwaruza, mkwaruzo mdogo tu, barafu ya pale ilikuwa na shimo. Na Meng akanyamaza.

Nilimwona amekodoa macho, kiwiko kimeanza kulegea. Shulan alikuwa juu kabisa, uso umeelekea paa, hasikii muziki wala hesabu. Nikashika ubao wa ukingo kwa mikono miwili.

Kisha sauti yake ikatoka huko juu, na watu wa safu tatu za mbele waliisikia. "Hesabu, Kaka Meng! Usiniache huku peke yangu!"

"Sita!" Meng akabweka. "Saba! Nane!"

Kiwiko kikanyooka. Akageuka mara ya tatu. Akamshusha atue kwa mguu mmoja, polepole, kama anayeweka yai mezani.

Ningependa kuandika kwamba walishinda. Shulan alianguka kwenye mruko uliofuata, pale anaporushwa kuvuka barafu na kutua mwenyewe, wakawa wa pili, na jozi iliyochaguliwa ilikuwa moja tu. Lakini walipotoka kwenye barafu walikuwa wakicheka hadi hawawezi kufunga kamba. Kocha Luan, aliyekataza machozi miaka kumi na miwili, alikuwa ameyaacha yake yateremke. Mwaka uliofuata walikuwa wa kwanza. Wakaenda ng'ambo mara tatu, na mara ya mwisho walikuwa wa tisa kati ya jozi zote za dunia, kabla goti la Meng halijawastaafisha mwaka 1995.

Mtauliza kuhusu mimi na Meng. Alianza kunisemesha tena siku ile ya Changchun. Aliweka viatu mezani akasema, "Noa." Kisha akatoa mfukoni sarafu yake mwenyewe, akapima mbele yangu kushoto na kulia, akaondoka. Alifanya hivyo kila mara kwa miaka minne iliyobaki. Hakuwahi kusema amenisamehe na sikuwahi kumwuliza. Leo anafundisha Qiqihar, na kila Mwaka Mpya ananitumia soseji nyekundu bila barua.

Ukocha wa Mwalimu Qiao nyote mmeushuhudia. Jozi kumi na saba zimepita mikononi mwake, na hakuna hata moja iliyowahi kumnong'oneza kwenye sikio la kulia ikabahatika. Ni mkali wa muda, mkarimu wa chakula, na hapendi kusifiwa. Nitataja jambo moja tu ambalo halimo kwenye faili lake.

Februari 2009 mwanafunzi wake Ning Yaotian alikuwa akificha maumivu ya bega. Mwalimu Qiao alilijua kwa kumtazama anavyovaa koti. Lakini mashindano yalikuwa kesho yake, msimamizi wa msafara alitaka medali, na kijana mwenyewe aliapa kwamba hana tatizo. Mwalimu Qiao alibisha hadi sauti ikamkauka. Wakamwambia uamuzi si wake.

Alikuja karakanani kwangu amekumbatia jozi mbili za viatu, ya Yaotian na ya mwenzake. "Kaka Tong, nisaidie kosa moja."

"Kosa gani?"

"Hivi viatu vimepotea."

"Vimepotea wapi?"

"Sijui," akasema, akavisukuma nyuma ya mashine yangu kwa mguu. "Vikipatikana kabla ya kesho jioni, mimi na wewe hatujuani."

Basi la msafara lilingoja saa moja na nusu, likaondoka bila wale wawili. Msimamizi alipekua hata mapipa ya taka. Aliniuliza mimi uso kwa uso, nami nikamwambia kwamba katika karakana hii hupotea vitu vingi. Nilidanganya kwa mara ya pili katika kazi yangu, na ile ya pili nilirudi nyumbani nikala nikashiba. Kesho yake Yaotian alipelekwa kupimwa: kano ya bega ilikuwa imechanika karibu yote, imebaki uzi. Angemnyanyua mwenzake mara moja tu, kisha mkono ungemwachia. Mwalimu Qiao alipewa barua ya onyo, akaibandika kabatini kwa ndani. Mwaka uliofuata jozi ile ilileta dhahabu, na barua haikubanduliwa.

Mwenzetu huyu anatuacha akiwa na mipango. Wiki iliyopita alinitajia mmoja nikadhani anatania: anajifunza kuogelea. Ameishi kando ya mto maisha yake yote, lakini maji aliyoyajua ni yale yaliyoganda. Amejiandikisha kwenye bwawa la mtaani, darasa la wazee, Jumanne na Alhamisi. Somo la kwanza aling'ang'ania chuma cha ukingoni dakika arobaini. Somo la pili mwalimu wake, binti wa miaka ishirini na tatu, alimwambia alale chali naye atamshika mgongo.

"Ukaogopa?" nilimwuliza.

"Kaka Tong, nimetupwa hewani miaka kumi na sita, sijawahi kuogopa hivyo," alisema. "Maji hayana makali, hayana pa kukanyaga. Nikamwambia yule binti, usinyanyue mkono mpaka nikuambie. Akanishika. Akangoja. Dari la pale limechorwa samaki, sikujua."

"Halafu?"

"Halafu nikamwambia, sasa. Akauondoa."

Mwalimu Qiao, kwa niaba ya makocha, madaktari, waendesha mashine za barafu, wapishi na wafagizi wa uwanja huu, asante kwa kila asubuhi ya miaka arobaini na minne. Asante pia kutoka kwa mnoaji, ambaye ana ya kwake ya kushukuru. Tunakuombea siku ndefu zenye afya, maji yenye uvuguvugu, na ulale chali juu yake kadiri upendavyo, bila mtu kukuhesabia.